Nataka kuuza korosho za pakiti, nikiwaelezea watu napotea

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi niko Masasi, nataka nikaange korosho nizipaki niuze stendi, zingine zipande basi ziende Dar. Sasa kila nikimwelezea mtu napotea, naanza na vifungashio najikuta niko kwenye mkopo. Rafiki yangu kanambia nichore kanvasi, ndo nini hiyo, na lazima niwe na kompyuta? Mkaangaji, Masasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kompyuta ya nini, nunua manila moja na makapeni. Kanvasi hiyo kaibuni Mswisi mmoja, Alexander Osterwalder, na profesa wake Yves Pigneur, ni karatasi moja tu ya kuonyesha biashara yako yote, ina vyumba 9, kulia wateja, katikati kile unachowapa, kushoto wabia kama wanaokuuzia korosho, chini gharama na mapato, na hivyo vingine vinakaa katikati ya hapo. Usiandike kwenye manila yenyewe, andika kwenye vikaratasi ubandike, maana utavihamisha mpaka uchoke.

Anza na wateja, na usiniandikie "watu wote". Abiria wa stendi ananunua dirishani huku dereva anapiga honi, anataka kapakiti ka bei ya chenji, wakati yule wa Dar anataka lebo, nembo ya ubora ya TBS, na korosho nzima sio vipande. Hao ni watu wawili kwahiyo vikaratasi vya rangi mbili, fuata kila rangi mpaka chini kwenye mapato uone kama hela inatosha. Mi ningeanza na wa stendi, vipande vina bei ndogo na yeye hajali.

Alafu nenda kwa wabia, hapo ndo pagumu. Korosho unatoa wapi? Ukiandika "kwa wakulima kijijini" ushaandika kangomba hiyo, yaani kununua ghafi kinyemela kwa mkulima, utakuja kukamatwa, ghafi kwetu huku zinapita AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na mnadani tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuziweka ghalani kwanza ndo ziuzwe, ulipoanza msimu wa 2007/08. Andika vikundi vya kina mama wabanguaji, uwafate kabisa uwaulize kilo bei gani na nje ya msimu wanazo au hawana, mpaka wakujibu kikaratasi hicho kikae na alama ya kuuliza.

Mkopo wala hauna chumba kwenye hiyo karatasi, uache kwanza.