Nimetundika chakula cha ndege wiki tatu, anayekuja ni kindi tu

SWALI: Habari kaka. Mimi niko Brooklyn Park, Minnesota, huu ni msimu wangu wa pili wa baridi. Mume wangu alininunulia fida, lile bomba la plastiki la kuwekea mbegu za ndege, tukalitundika kwenye mti mdogo nyuma ya nyumba nikalijaza ule mchanganyiko wa bei rahisi. Wiki tatu sasa anakuja kindi, na shorewanda wachache ambao kazi yao kumwaga mbegu chini. Beseni la maji niliweka likaganda siku hiyohiyo. Juzi ndege akagonga dirisha la sebuleni akafa. Na mama mkwe katoka Singida kuja kututembelea, ananiangalia tu, anasema kwetu watoto wanashinda shambani kufukuza ndege kwenye mtama, nyie mnawanunulia chakula. Nakosea wapi, na mama nimjibu nini?

JIBU: Dada pole, na mama mpe shikamoo yangu kwanza.

Tuanze na huo mfuko maana naona shida kubwa iko humo. Mwaga mbegu kidogo kwenye sinia halafu mwite mama azichambue kama anavyochambua mchele, atakwambia mwenyewe, zile punje nyekundu za duara ni mtama. Ndio, mtama uleule wa Singida. Kwenye mifuko ya bei chee wanaujaza sana kwa sababu ni rahisi na unaongeza kilo, ila ndege wengi wa bustani wa upande huu wa Marekani hawautaki kabisa, kwa hiyo hao shorewanda unaowaona wanamwaga wala sio fujo, wanachambua kama mama, wanatafuta punje mbili tatu za maana na zingine wanazitupa. Afu zile za chini zikilowa na theluji zinaoza, na zinaita panya. Mi nipo kwenye kazi hii ya kuongoza watu kuangalia ndege miaka mingi sasa, kwanza Arusha na sasa huku, na kila Desemba naulizwa swali lako hili, na karibu kila mara jibu linaanzia kwenye mfuko.

Nunua alizeti nyeusi, ile ndogo ya mafuta, basi. Ipo pia ya mistari mweupe na mweusi, hiyo iache, ganda lake gumu na hivi vindege vidogo vinapata tabu kulipasua. Ile nyeusi ganda ni jembamba na ndani mafuta mengi, na ukiweka hiyo peke yake utapata aina nyingi kuliko mchanganyiko wowote wa rangi rangi. Ukitaka kuongeza kitu cha pili chukua shahamu, yale mafuta magumu ya kwenye figo za ng'ombe, dukani yanauzwa kama mche wa sabuni na kikapu chake cha waya, vigong'ota wanayapenda mno. Cha tatu ni Nyjer, vimbegu vyeusi vyembamba kama sindano, hivyo ni vya chiriku. Na hapa kuna kitu kitakuchekesha, Nyjer ni zao la kwetu, Ethiopia wanalilima na kukamua mafuta yake ya kula, huku linaletwa kwa meli likiwa limepitishwa kwenye joto kali lisiote, alafu linauzwa bei ya kukata tamaa kwa ajili ya ndege. Mkate usiwape, unajaza tumbo tu. Na chochote chenye chumvi hapana.

Kwanini nasisitiza mafuta? Kuna kandege kanaitwa chikadii, kofia nyeusi, kidevu cheusi, mashavu meupe, huyo ndio atakuwa mteja wako wa kwanza. Ana uzito wa gramu 11 au 12, yaani chukua vijiko vitatu vya chai vya sukari uweke kiganjani, basi ndio huyo mzima na manyoya yake. Usiku wa Desemba hapo kwenu unafika masaa 15. Huyu kiumbe anaingia kwenye tundu la mti jioni na mafuta aliyoyapata mchana mmoja, na yanatakiwa yamfikishe asubuhi huku nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Akiona hayatoshi anashusha joto la mwili wake kwa makusudi, kutoka kama nyuzi 42 za mchana mpaka karibu 30, anapunguza moto kama mtu anayebania mkaa. Asubuhi anaamka tanki tupu. Sasa wewe umemwekea mtama!

Ukibadilisha mbegu kaa dirishani umwangalie anavyokula. Hakai hapo kwenye fida kama shorewanda. Anakuja, anachukua mbegu moja, moja tu, anaondoka nayo kwenye tawi la karibu, anaibana kwa miguu yote miwili na kuigonga kwa mdomo tak tak tak mpaka ganda lipasuke, anakula, anarudi. Zingine hazili, anaenda kuzificha kwenye magome ya mti na anakumbuka alikoziweka. Kwa hiyo kila mbegu kwake ni safari ya kwenda na kurudi, na kama fida yako iko peupe bila kichaka wala tawi la kukimbilia, kila safari anahofia kipanga. Hapo ndio nafikiri kosa lako la pili lilipo, ule mti mdogo. Kama hauna majani na jirani yake hakuna mti mwingine, hawajisikii salama. Isogeze iwe mita tatu au nne kutoka kwenye msonobari au ua lenye matawi mengi. Isiwe ndani ya kichaka chenyewe, paka atajificha humo.

Lakini ukisogeza karibu na miti unamkaribisha kindi zaidi, najua. Acha kutundika mtini. Tafuta nguzo ya chuma laini, fida iwe juu kama mita moja na nusu kutoka chini, mita mbili na kidogo kutoka kitu chochote anachoweza kurukia kwa pembeni, na karibu mita tatu kutoka tawi lolote la juu yake. Kwenye nguzo, chini ya fida, valisha ile kofia ya bati yenye umbo la koni au bomba. Bila hiyo kofia hivyo vipimo vingine vyote ni kazi bure, kindi atapanda nguzo kama mkwezi wa minazi. Ukikosa mahali penye nafasi hiyo, nunua shahamu au mbegu zilizopakwa pilipili. Sio uchawi, ndege hawausikii ule ukali wa pilipili, kindi anausikia kama mimi na wewe. Si unakumbuka nyumbani pilipili kichaa inavyojiotea chini ya ua bila kupandwa na mtu? Ndege ndio wapandaji. Ila usijichanganyie mwenyewe ya unga jikoni, upepo ukiurudisha machoni utakuja kunilaumu.

Dirisha. Hili najua kwa aibu, msimu wangu wa kwanza huku niliweka fida mita nne kutoka dirishani ili nione vizuri nikiwa kwenye kochi, siku moja nikasikia kishindo, kwenda kuangalia nakuta kwenye kioo picha kamili ya hua, mabawa yamefunguka, unyoya mmoja mmoja unahesabika, imechorwa na ule unga wa manyoya yake. Mwenyewe alikuwa chini kwenye theluji. Umbali wa katikati ndio mbaya, maana wakishtuka wanaruka na spidi yote na kwenye kioo wanaona miti na mbingu. Aidha uiweke karibu kabisa, chini ya mita moja, hata ile ya kubandika kwenye kioo inafaa kwa sababu akigonga hana kasi, au iwe mbali zaidi ya mita 10. Na kioo chenyewe kichore kwa nje, nukta au mistari kila baada ya sentimita 5 hivi, hata watoto wachore kwa rangi ya maji. Kile kistika kimoja cha kipanga hakisaidii, wanakipita pembeni.

Maji, ukiweza nunua beseni lenye hita yake ya umeme, linachomekwa kwenye soketi ya nje. Wakati mwingine maji yanavuta ndege kuliko chakula, kwa sababu yote yameganda na kula theluji kunawala joto. Kama bajeti haipo, mwaga maji ya uvuguvugu asubuhi na mchana kwenye sahani pana isiyozidi kina cha kidole. Usitie chumvi wala dawa ya gari ya kuzuia kuganda, hiyo ni sumu.

Usafi nitausema haraka ila usiuruke. Kila wiki mbili fida ishushwe, ioshwe kwa sabuni, ilowekwe kwenye jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, isuuzwe, ikauke kabisa kabla ya kujaza. Ukiona ndege amevimba macho au kajikunyata hataki hata kuruka ukimsogelea, shusha kila kitu wiki mbili watawanyike.

Baada ya hapo subira. Wengine wanagundua fida siku mbili, wengine wiki kadhaa, mara nyingi chikadii ndio anaanza na wengine wanamfuata yeye.

Sasa mama. Mwambie yuko sahihi kabisa na mimi kwetu nimefukuza kwelea pia. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku, sio neno, ila anakuja na wenzake malaki, asubuhi shamba lipo jioni ni mabua, mpaka serikali inaleta ndege ya kunyunyizia dawa. Hawa wa huku wanakuja sita, nane, na shamba la mtu hawagusi. Wisconsin, hapo jirani yenu, watafiti walifuatilia chikadii msimu mzima wa baridi, kati ya waliokuwa na fida asilimia 69 waliivuka baridi wakiwa hai, wasiokuwa nayo ni 37 tu, na tofauti ilitokana na ile miezi ya baridi kali. Ila hata hao wa fida, chakula chao kingi walijitafutia porini, kwa hiyo mkisafiri wiki moja msikose usingizi, hakuna atakayekufa njaa kwa sababu yenu. Na kama mama ana wazo la kumtega hua mmoja kwa ajili ya mchuzi, mwambie taratibu kwamba ndege wengi wa hapa wanalindwa na sheria ya tangu 1918, kutega nyumbani ni kesi.

Mwekee kiti dirishani saa moja na nusu asubuhi na chai yake, kabla jua halijatoka vizuri. Kadinali anapenda muda huo wa giza giza, dume jekundu lote kama kanzu za wale makadinali wa Roma waliompa jina, jike la kahawia na mdomo wa chungwa. Kwenye simu weka programu ya Merlin, ni bure, inasikiliza sauti inakwambia ni nani. Na amsikilize chikadii, jina lake ndio mlio wake, chika-dii-dii. Siku akisikia zile dii zinaongezeka, tano, sita, saba kwa mpigo, aangalie juu ya miti polepole, kuna kipanga au bundi ametua hapo karibu.