"Mwenye tiketi atasafiri": kwa nini programu yako haijui kubadili mawazo

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma sayansi ya kompyuta mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Kwa mradi wangu nimetengeneza programu ya kujibu maswali ya abiria wa boti za Unguja. Inatumia kanuni za "ikiwa… basi…", kwa mfano: "Ikiwa mtu ana tiketi ya leo, basi atasafiri leo." Nilipoongeza kanuni kwamba bahari ikichafuka hakuna anayesafiri, programu ikawa inasema abiria atasafiri na papo hapo inasema hatasafiri. Msimamizi wangu anasema mantiki haina kosa, binadamu ndio hawafikiri kimantiki. Ni kweli? Na si bora niachane na kanuni nitumie modeli kubwa ya lugha?

Jibu: Marahaba. Msimamizi wako kasema kweli nusu. Mantiki aliyokufundisha haina kosa, ila si mantiki pekee iliyopo, na kwa kazi ya bandarini siyo inayokufaa.

Ile ya majedwali ya ukweli (yanayopanga kila kauli kuwa kweli au si kweli) mliyoanza nayo mwaka wa kwanza ina tabia moja ambayo mtu haitilii maanani mpaka imuumize: hitimisho likishapatikana halifutiki. Ongeza taarifa hata elfu, mahitimisho yatazidi tu, hayapungui. Wanahisabati wanaitaka hivyo hivyo, kwa sababu kanuni ya Pythagoras haibatiliki kisa leo kuna upepo. Abiria ni habari nyingine. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa Unguja siku mbili nikiwa na tiketi halali mfukoni. Tena ukiipa mantiki hiyo mambo mawili yanayopingana, kama ulivyofanya, inakuruhusu kuhitimisha chochote, hata kwamba boti imepaa.

Sasa tuwatazame binadamu. Mwaka 1989 mwanasaikolojia Ruth Byrne alichapisha jaribio ambalo watafiti wa akili mnemba bado wanalirudia. Watu walipewa sentensi mbili: "Akiwa na insha ya kumalizia, atasoma maktaba mpaka usiku. Ana insha ya kumalizia." Asilimia 96 walihitimisha kwamba atasoma mpaka usiku. Wengine wakapewa hizo hizo na moja zaidi: "Maktaba ikiwa wazi, atasoma maktaba mpaka usiku." Hakuna aliyewaambia maktaba imefungwa. Waliobaki na hitimisho lile walikuwa asilimia 38 tu.

Kwa majedwali ya ukweli, hao waliojitoa wamekosea. Sentensi za mwanzo hazikuguswa, hivyo jibu halikupaswa kubadilika. Lakini nenda kaulize dirisha lolote la tiketi kama kweli wamekosea. Keith Stenning na Michiel van Lambalgen, katika kitabu chao cha 2008, waliligeuza swali: kabla ya kumhukumu mtu, uliza amesikia nini. Anayesikia "akiwa na insha atasoma" husikia "akiwa na insha, *na pasipo na kizuizi*, atasoma". Sentensi ya maktaba ilipoingia, ikakitaja kizuizi kinachowezekana. Toka hapo watu walikwenda hatua kwa hatua, kimantiki kabisa, ila walianza na maana ambayo mtafiti hakuiandika.

Sisi wa pwani tungewaeleza hili bila jaribio. Nani husema "kesho nasafiri" akakomea hapo? Huongeza "inshallah", na hata asipoitamka, msikilizaji anaiweka mwenyewe. John McCarthy, mmoja wa waasisi wa taaluma ya akili mnemba, alihitaji alama maalumu kwa kazi ya aina hiyo hiyo. Katika makala yake ya 1986 aliiita *ab*, yaani hali isiyo ya kawaida: ndege huruka, isipokuwa akiwa wa namna isiyo ya kawaida. Wanafunzi hucheka nikiiita alama ya inshallah, lakini kwenye mtihani hawaisahau.

Basi iandike. Kwa Prolog, lugha ya programu iliyozaliwa Marseille mwaka 1972, mistari miwili inatosha (`:-` isome "ikiwa", na koma isome "na"):

`atasafiri :- ana_tiketi, \+ kizuizi.`
`kizuizi :- bahari_imechafuka.`

Alama `\+` usiisome "si kweli kwamba". Isome "haijathibitika kwamba". Programu ikitafuta kizuizi ikakikosa, inasema atasafiri. Ukiongeza `bahari_imechafuka`, jibu la kwanza linafutika lenyewe, bila mgongano. (Itangaze `bahari_imechafuka` kuwa `dynamic`, yaani taarifa inayoweza kuongezwa na kuondolewa, mapema, la sivyo Prolog itakurushia kosa badala ya jibu.)

Hapa ndipo wengi huponzeka, kwa hiyo twende polepole. Badala ya mstari wa pili ungeweza kuandika:

`kizuizi :- \+ ruhusa_imetolewa.`

Unaona kama ni kitu kilekile, kwa sababu bahari ikichafuka ruhusa haitolewi. Jaribu kuziuliza programu zote mbili alfajiri, kabla taarifa yoyote haijaingia. Ya kwanza itasema atasafiri. Ya pili itasema hasafiri. Abiria ni yule yule na tiketi ni ile ile, na majibu yanapishana kwa sababu umeamua tofauti ukimya wa data unamaanisha nini. Uamuzi huo Prolog haiwezi kukufanyia. Unatoka kwa mtu anayeijua kazi, kwa hiyo nenda kakae bandarini asubuhi moja, uone wakatisha tiketi wanafanya nini taarifa isipofika.

Ukiwasikiliza, mara nyingi jibu lao si "ndiyo" wala "hapana". Husema: "Subiri kwanza." Prolog ya kawaida haina "subiri kwanza". Stenning na van Lambalgen waliipata kwa kutumia mantiki yenye thamani tatu, kweli, si kweli na haijulikani, na kwa kutolichukulia kila jambo lisilosemwa kuwa ni uongo. Mwaka 2009 Steffen Hölldobler na Carroline Kencana Ramli, huko Dresden, walionyesha kwamba thamani tatu za mwanamantiki wa Poland, Łukasiewicz, zinafaa zaidi hapo kuliko zile walizotumia wenzao. Kwa mradi wako huhitaji kwenda mbali hivyo. Tenga orodha mbili: mambo ambayo ukimya wake ni "hapana", na mambo ambayo ukimya wake ni "sijui". Ruhusa ya boti iweke ya pili.

Kuhusu msimamizi wako: bila shaka anazikumbuka kadi za Peter Wason za 1966, zile zenye herufi upande mmoja na namba upande wa pili, ambapo mtu huulizwa ageuze zipi ili kukagua kama kanuni ya "ikiwa… basi…" imevunjwa. Kweli, wanaopata jibu sahihi huwa hata mmoja kati ya kumi hawafiki. Lakini mwaka 1982 Griggs na Cox, huko Florida, waliweka bia na umri mahali pa herufi na namba, wakauliza nani wa kukaguliwa kama anavunja sheria ya pombe. Karibu robo tatu walipatia. Umpelekee na hilo.

Modeli kubwa ya lugha usiitupe, ila usiipe usukani. Nayo huvutwa na maudhui: watafiti wa DeepMind, kampuni ya akili mnemba ya Google, walionyesha mwaka 2022 kwamba huponyokwa zaidi pale hitimisho halali linapogongana na mambo ya kawaida ya dunia, kama sisi. Ipe kazi inayoiweza, kusoma "bro nna tkt ya asbh boti ipo??" na kutoa `ana_tiketi`, halafu kanuni ziamue. AlphaGeometry ya 2024, programu yao ya kutatua jiometri, iligawana kazi kwa namna inayofanana: modeli ya lugha ilipendekeza mistari ya kuongeza kwenye mchoro, injini ya mantiki ikathibitisha hatua. Ikapata maswali 25 kati ya 30 ya jiometri ya olimpiadi.

Kabla ya kuwasilisha, fanya jaribio hili: ipe programu tiketi tu, uliza. Ongeza tahadhari ya upepo mkali ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), uliza. Kisha ondoa tahadhari, uliza tena. Kama jibu la tatu halifanani na la kwanza, kuna kanuni imeshikilia kizuizi kilichokwisha, na mara nyingi ni `assert` (amri ya kuongeza taarifa) uliyoisahau bila `retract` (ya kuiondoa) yake.