Betri ya Porsche 911 (997), boneti imegoma

Yaya, betri ya Porsche 911 ya toleo la 997 unaweza kuibadilisha mwenyewe, hata kama boneti imegoma kufunguka. Kufuli ya boneti ya 997 inatumia umeme, na betri yenyewe imelala ndani humo, mbele. Fungua mlango kwa ufunguo, kisha fungua kifuniko cha fyuzi pembeni ya miguu ya dereva. Mle kuna ncha ya chanya: ivute itoke nje. Chukua betri nyingine, chanya uifunge kwenye ncha hiyo, hasi kwenye chuma cha mlango kinachoshika kufuli. Honi ya alamu ikilia, bonyeza rimoti, halafu vuta swichi ya boneti. Usijaribu kuwasha moteri kwa njia hiyo, waya zile ni nyembamba.

Niko fundi umeme wa magari huku Kampemba, Lubumbashi, na ninachoona kikiunguza watu ni kuanza na chanya wakati wa kutoa betri ya zamani. Toa hasi kwanza, irudishe mwisho. Bodi yote ya gari ni hasi, kwa hiyo kle (spana) ikigusa chanya na bodi pamoja, cheche zinaruka papo hapo.

Nunua betri ya kipimo kilekile, na mpira wa kutolea gesi ya betri uurudishe mahali pake. Tena, usibamize mlango gari likiwa halina umeme: kioo hakishuki kidogo kama kawaida, kinagonga ukingo wa juu.

Hii ni ya 997 tu. BMW nyingi za kisasa zinataka betri mpya isajiliwe kwa mashine.