Mpwa, huyo mwalimu wa kwenye picha ni deiwaka

Mpwa, marahaba. Voisi yako ya dakika sita nimeisikiliza mara mbili. Sasa niambie nani kaanzisha hizo habari hapo Newala kwamba mjomba ni mwalimu wa serikali Marekani, anakula karibu laki tatu kwa siku na akiamua anakuchomoa kesho uachane na hiyo shule ya kata unayojitolea mwaka wa tatu sasa. Kama ni ile picha niliyopiga mbele ya ubao wa umeme basi kosa langu, ningejua ningepiga nikiwa kituoni nasubiri basi kwenye giza.

Mi ni deiwaka. Kama konda anayeshikia mwenzie gari siku ya msiba. Mwalimu mwenye darasa akiumwa naingia, akirudi natoka. Kazi zinaingia kwenye simu alfajiri na tunazigombania kama abiria wa Masasi siku ya kuamkia Idi, ukichelewa kubonyeza imeenda. Dola 115 kwa siku kabla ya kodi, ndo hiyo laki tatu yenu, hakuna shule hakuna hela, Juni mpaka katikati ya Agosti wamefunga, bima ya afya jitegemee. Hiyo hesabu mnayopiga ya kuzidisha kwa shilingi ingekuwa tamu kama na pango ningelipa kwa shilingi.

Umeuliza watoto wa huku wana adabu? Unaingia, hakuna anayesimama, hakuna shikamoo, unaitwa "Mister" basi. Wakishajua ni deiwaka wanabadilishana majina na viti, anayeitwa hivi anajibu yule, na wote wanataka kwenda chooni dakika ileile. Simu hapa Texas, jimbo ninaloishi, wamezipiga marufuku mashuleni tangu mwaka wa masomo wa 2025/26, nikashangilia, kumbe magemu yamehamia kwenye kompyuta walizopewa na shule yenyewe. Siku moja dogo wa miaka kumi na tatu kaniambia mbele ya wenzake "wewe sio mwalimu wa kweli". Mi niliyefundisha fomu tu watoto sabini na kitu kwa chaki mbili aisee.

Na usinijibu mambo ya fimbo, najua inakuja. Kwanza sheria ya Texas bado inaruhusu fimbo, wilaya zinajiamulia na mzazi anaweza kukataa, kwa hiyo sio kweli kwamba Marekani nzima haichapi. Pili hata kwetu kanuni inasema viboko visizidi 4, achape mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi na viandikwe kitabuni, we umewahi kukiona hicho kitabu? Mi nilitembeza bakora miaka saba sijawahi. Kuna sura za watoto bado nazikumbuka na sipendi kuziongelea.

Ila dharau unaizoea. Kinachoninyima usingizi ni funguo.

Huku kuna zoezi la kujifungia, kama mtu mwenye bunduki kaingia shuleni. Linatangazwa kwenye spika, unafunga mlango kwa funguo, unazima taa, watoto wote kona isiyoonekana, kimya. Siku ya kwanza limenikuta na darasa la pili, watoto wa miaka saba, mi nimesimama katikati kama mwali mgeni, funguo sina, hakuna aliyenipa na wala sikujua kama kuna kuomba. Mwalimu wa chumba cha pili ndo alitoka akafunga mlango wangu kwa nje na funguo zake. Katoto kamoja kakanivuta mkono kakaninong'oneza nisogee, hapo dirishani naonekana. Kamezoea, mpwa. Kalikuwa kananielekeza mi mtu mzima pa kujificha.

Sio kwamba nimezidisha woga. Uvalde ni Texas hiihii, kama saa nne na kitu kwa gari kutoka hapa Houston. Tarehe 24 Mei 2022 kijana aliingia na bunduki shule ya msingi akaua watoto 19 na walimu 2, polisi wamejaa kwenye korido zaidi ya saa nzima hawajaingia. Kamati ya bunge la Texas ilipochunguza ikakuta milango ilikuwa inaachwa bila kufungwa ipasavyo, sababu mojawapo ni funguo kuwa chache, na ili wasiokuwa na zao wakiwemo walimu wa deiwaka wapate kuingia. Yaani watu kama mimi. Hapo niliposoma nikaweka simu chini.

Kwetu darasa halina hata mlango na nililala usingizi. Lakini usije ukasema mjomba kasema kwetu ni salama tu, watoto wanatembea kilomita ngapi porini kuja shule unajua mwenyewe.

Kwa hiyo usije. Endelea kuomba ajira hapo, ukipata hata Nanyumbu nenda. Afu pia bahati nasibu ya viza ikifunguliwa jaza, mi nilipita hukohuko, nani nikuzuie. Transkripti, ile karatasi ya matokeo ya chuo, usilaminishe tafadhali, wanaotathmini vyeti huku wanataka chuo kiwatumie chenyewe. Na ukija usianze na shule, anzia ghala, wanalipa kila wiki na hakuna anayekuuliza kama wewe ni mwalimu wa kweli.

Mdogo wako wa kiume anaingia jando mwezi wa Juni na mjomba sipo, najua linasemwa, na mama yako kaninunia. Ana haki.

Siku hizi nikifika ofisini kabla ya kusaini nauliza funguo ziko wapi. Shule zingine wananipa, zingine wananiambia muombe jirani.

Hela ya kupuliza mikorosho natuma Ijumaa sio Jumatano, wiki hii nimepata shule siku mbili tu.