Nyumba isiyo na mbwembwe, anza na gata

Ukipita Goba, Madale au Kigamboni hapa Dar siku hizi hukosi kuona nyumba ya paa la kuficha inapanda: kuta nyeupe zilizonyooka, vioo vipana, mlango wa kijivu, basi. Mimi nakaa kwenye mojawapo na naipenda. Kabla ya hapo nilipanga nyumba ya aina hiyohiyo, ambayo kila masika tulikuwa tunalala na ndoo koridoni, kwa hiyo sura zake zote mbili nazijua. Ndugu na marafiki wanaotaka kujenga huniletea picha kwenye simu na kuniuliza bei ya vioo. Mimi nawauliza gata, ule mfereji wa kukusanya maji ya paa, litapita wapi.

Wengi wanadhani paa la kuficha ni zege tupu. Mengi ya huku kwetu ni bati la kawaida juu ya kenchi za mbao, limelazwa kwa mteremko mdogo, halafu ukuta ukapandishwa kulizunguka ili lisionekane. Paa la zamani linamwaga maji nje, na likikosea kidogo kwenye upenu, anayelowa ni kuku. Hili jipya linakusanya maji ndani ya kuta zako. Piga hesabu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 14 kwa 11 likipigwa na mvua ya milimita 50, na masika ya Dar hiyo si ajabu, linapokea lita 7,700. Tangi la lita 5,000 linajaa na maji yanabaki. Yote hayo yanatafuta pa kutokea kupitia gata na mabomba mawili, na kwenye mdomo wa bomba moja limekaa jani la mwembe wa jirani.

Wametutangulia wengi kupigwa na mvua. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijengwa kwa paa bapa za boriti, mawe na chokaa, mtindo wa Waomani, ambao kwenye nchi yao kavu haukuwa na shida. Mvua za Unguja zikaushinda, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 nyumba nyingi zikavikwa bati la mteremko juu ya lile paa la awali. Villa Savoye, nyumba ya msanifu maarufu Le Corbusier karibu na Paris, iliyokamilika 1931 na ambayo mpaka leo wanafunzi wa usanifu wanafundishwa, wenye nyumba walilalamika sana kwamba inavuja. Msanifu wetu Beda Amuli alikwenda njia nyingine kwenye soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975: ile miavuli mikubwa ya zege inakinga mvua na kuishusha kwenye matangi chini ya ardhi. Kwenye jengo lile maji yalipewa njia tangu kwenye mchoro.

Kwa hiyo kwenye gata usibane hela. Liwe pana kiasi cha mtu kusimama ndani na kufagia, maana lazima lifagiliwe, hasa kabla ya masika na kabla ya vuli. Weka mabomba ya kushushia maji zaidi ya yale unayohesabu yanatosha, tena yapite nje ya ukuta. Najua yanaharibu sura. Bomba lililofichwa ndani ya ukuta likipasuka utalijua kwa rangi kuvimba sebuleni, halafu uvunje ukuta kulifuata. Na utoboe tundu la dharura kwenye ule ukuta wa juu, chini kidogo ya usawa ambao maji yakifika yataanza kuingia kwenye dari. Mabomba yakiziba, maji yatarukia nje mbele ya macho yako, na utajua kuna kazi.

Kisha jaribu kabla ya kupiga dari. Fundi wangu aliniambia, "Bosi, hii haivuji, niamini." Nikamwambia namwamini, aniletee mpira wa maji. Tukaziba matundu, tukajaza gata, tukayaacha maji yalale. Asubuhi kwenye kona ya chumba cha watoto palikuwa na alama ya unyevu kubwa kama sahani. Tulirekebisha siku hiyohiyo, kwa sababu dari lilikuwa bado.

Jambo la pili ni jua. Paa la kuficha halina upenu, maana yake ukuta na dirisha vimebaki kichwa wazi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua linakuwa juu sana mwaka mzima. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini unalifunika kirahisi: kanopi ya zege ya sentimita 60 inakupa kivuli cha karibu mita moja hata saa sita mchana mwezi wa Juni, jua likiwa limeegemea kaskazini. Dirisha la magharibi hakuna kanopi italiokoa. Jua la saa kumi linaingia limelala, linafika mpaka kwenye kochi. Upande huo peleka bafu, stoo na ngazi, na kioo kipana kitazame kwingine, hata kama barabara iko magharibi na ulitaka wapita njia wakione.

Upepo nao una misimu yake. Kusi unatoka kusini mashariki, kaskazi unatoka kaskazini mashariki, na huo wa pili ndio utakaoutafuta Januari na Februari joto likikaba. Chumba kiwe na matundu pande mbili. Na dirisha la alumini la kusukuma, ambalo kila mtu anaweka, linafunguka nusu tu. Umelipia dirisha la mita mbili, unapata upepo wa mita moja. Mimi niliweka ya kufungua kama mlango vyumbani, yakanigharimu zaidi, na feni usiku haiwashwi mara nyingi.

Kuhusu rangi sina mengi. Nyeupe inachafuka, basi.

Plasta ndiyo inayotenganisha mafundi. Nyumba ya mapambo ina kona za jipsam na marumaru za ukutani za kufunika makosa. Nyumba tupu haina pa kuficha. Usikubali kazi kwa macho ya mchana. Rudi usiku, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa ukuta: kila kivimbe kitatoa kivuli. Fundi mwenye timazi na pimamaji na anayevitumia mlipe anachotaka. Ile marumaru fupi ya chini ya ukuta, ambayo picha za mtandaoni hazina, uiweke tu. Sisi tunapiga deki kwa maji mengi.

Mwisho, stoo. Picha za nyumba hizi hazina mtungi wa gesi, ndoo za maji ya akiba, mkaa, mkeka wa wageni wala ndala kumi na tano mlangoni siku ya Idi. Vyote hivyo unavyo na hutavitupa. Nyumba za Waswahili wa Lamu zilikuwa na zidaka, vishubaka vilivyochongwa ukutani, vitu vikakaa humo na sakafu ikabaki wazi. Panga makabati ya ukutani tangu kwenye ramani, acha nafasi ya viatu kabla ya mlango, na ujenge jiko la nje. Jiko la wazi sebuleni ni zuri mpaka siku utakayokaanga papa.

Ukimpata msanifu, hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, halafu mwombe mchoro wa gata peke yake, umekatwa ubavu, wenye vipimo vya mteremko na mahali pa kila bomba. Akikuletea ile picha ya rangi yenye bwawa na gari jeupe, mrudishie na umwombe tena.