Jibu: Namba zinabadilika kila ninapotengeneza ripoti ya R Markdown

Ndugu, umeuliza kuhusu R Markdown, mfumo wa kuandika ripoti yenye maelezo na msimbo wa lugha ya R pamoja: kwa nini wastani ulioandika kwenye maelezo haulingani tena na jedwali lililo chini yake, na kwa nini mwenzako anapata sampuli tofauti ilhali nyote mmeweka set.seed(42), amri ya kuweka mbegu, yaani namba ya kuanzia inayofanya uchaguzi wa bahati nasibu ujirudie vilevile. Hayo ni mambo mawili.

La kwanza ni jepesi: usiandike namba kwa mkono. Ndani ya sentensi weka `r round(mean(umri), 1)`, nayo itajikokotoa kila waraka unapotengenezwa.

La pili ndilo linalosumbua wengi. Linganisheni matoleo ya R. Toleo la 3.6.0, la mwaka 2019, lilibadilisha namna sample(), amri ya kuchukua sampuli kwa bahati nasibu, inavyochagua, kwa sababu njia ya zamani ilikuwa na upendeleo, hasa kwenye orodha ndefu sana. Kwa hiyo mbegu ileile huweza kutoa sampuli nyingine kabisa. Kama mwenzako yuko toleo la zamani na hawezi kusasisha, wewe andika set.seed(42, sample.kind = "Rounding"). R itatoa onyo, lisikutishe. Ila kwa kazi mpya nakusihi msibaki huko: sasisheni nyote, kisha tumieni kifurushi cha renv ili matoleo ya vifurushi (programu za nyongeza za R) yahifadhiwe kwenye faili la renv.lock.

Na hiyo cache=TRUE uliyoiwasha, yaani mpangilio wa kutunza matokeo ya awali yasikokotolewe upya, izime kabla ya nakala ya mwisho. knitr, kifurushi kinachotengeneza ripoti, huangalia msimbo wa kila kipande na mipangilio yake tu. Faili la CSV likibadilika, haina habari, itakuletea matokeo ya jana.