Barua kwa mwanangu: kuhusu kabati la mninga

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Mpwapwa tu wazima, mvua zimekatika mapema lakini mtama umejitahidi. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na baba yako. Unauliza, kwa ile hela mliyoweka ya kuijaza nyumba yenu mpya ya Iyumbu, mnunue seti ya dukani, ile inayoletwa kutoka nje ikiwa kwenye maboksi, au mmpe fundi awatengenezee kabati na meza ya mninga, kitu ambacho Neema na mdogo wake watakuja kukirithi. Baba yako alijibu hapohapo kwa neno moja: mninga. Mimi neno moja halinitoshi. Wewe umeuliza mbao, na mimi tangu juzi nawaza watu.

Lakini nianze na mbao, maana nakujua, hutanisikiliza mengine mpaka hilo liishe.

Mninga ni mbao nzuri, halina ubishi. Ukishakauka haupindi ovyo, wala hauvimbi na kusinyaa kama mbao nyingine, na kwetu hilo ni jambo kubwa kwa sababu sehemu kubwa ya mwaka hewa ya Dodoma ni kavu. Kabati lililotengenezwa pwani kwa mbao mbichi likifika huku linaanza kulia usiku, na ikifika mwezi wa tisa viungo vimeachana. Kwa hiyo mkienda kwa fundi msianze na bei. Mwulizeni mbao imekauka kwa muda gani na imekaukia wapi. Awaonyeshe ubao kabla hajaupiga vanishi. Kiini cha mninga ni kahawia chenye wekundu ndani yake. Ile nyeupe ya pembeni, iliyo karibu na gome, ndiyo wanayoipenda wadudu, na fundi mwenye haraka huiacha humohumo akaifunika kwa rangi. Wapo pia wanaochukua msindano, mbao njema kabisa kwa kenchi za paa, wakaupaka rangi ya mninga na kuuza kwa bei ya mninga. Vuteni droo muigeuze, chini ya droo ndiko watu hawahangaiki kupaka kitu. Kona zake ziwe zimekatwa meno yanayoingiliana, si kupigiliwa misumari tu. Mlango ukiwa wa paneli, paneli ikae kwenye mfereji wake bila gundi, ipate kusogea kidogo masika ikija na kiangazi kikirudi. Ikigandishwa itapasuka katikati, na hapo hakuna msasa wa kuficha.

Halafu mdai risiti, na mwulize kama magogo yalikuwa na alama ya nyundo ya TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu. Mninga unatoka kwenye misitu ya asili, huko Tabora na Katavi, na mti mmoja huchukua miaka mingi kuliko umri wangu mpaka kufaa kupasuliwa mbao. Mkikosa wa halali, mtiki wa kupandwa, wa mashamba ya Longuza au Mtibwa, nao unafaa sana.

Za maboksi sizidharau. Nyingi ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, juu zimebandikwa karatasi ngumu yenye sura ya mbao. Ni nyepesi, zinapendeza, na mtu wa uhamisho zinamfaa. Shida yake ni kwamba zikinywa maji ya kudekia zinavimba miguuni na hazirudi, na skrubu iking'oka, tundu lile halishiki tena. Ya mninga ikilegea, fundi yeyote, hata ambaye hajazaliwa leo, ataifungua na kuikaza.

Basi. Sasa nikwambie la kabati la babu yako, maana unalijua kwa jina tu.

Babu yako alikuwa mwalimu hapa, unajua, na alichotaka maishani baada ya sisi kusoma ni kabati la vitabu na nguo lenye kufuli. Mbao aliagiza Tabora. Zilikuja na treni mpaka stesheni ya Gulwe, zikapandishwa lori la kuja Mpwapwa. Mimi nilikuwa darasa la nne. Fundi alikuwa mzee wa Kinyamwezi, mtu wa maneno machache, na kazi ya kwanza aliyofanya ilikuwa kutofanya kazi. Alizipanga mbao zile kivulini juu ya mawe, kati ya ubao na ubao akaweka vijiti ili upepo upite, akaondoka. Babu yako alitaka kabati kabla ya Krismasi. Mzee akamwambia, "Mwalimu, mbao haijui Krismasi."

Akakata kipande kwenye ncha ya ubao mmoja, chenye urefu wa kiganja changu, akanikabidhi mimi. Kila Jumamosi nilikipeleka dukani, mwenye duka anakiweka kwenye mizani ya sukari, upande wa pili mawe ya shaba, ananitajia uzito nami nauandika kwa penseli juu ya kipande chenyewe, namba chini ya namba. Mwanzo ilishuka kwa haraka. Halafu ikashuka taratibu. Ikaja Jumamosi namba ikawa ileile ya wiki iliyopita, na iliyofuata tena ileile. Nilikimbia kutoka dukani mpaka uani nikipiga kelele, "Imegoma! Imegoma kushuka!" Mzee akakipokea, akakisoma kuanzia juu mpaka chini, akakitia mfukoni mwa shati, akaanza kunoa randa. Mpaka leo nikipita penye maranda ya mninga nasimama.

Kabati lilipokwisha, kile kipande alikifunga kwa ndani, nyuma ya droo ya chini, kiwe kizuizi droo isigonge mgongo. Namba zangu zikabaki mle. Tangu siku hiyo kabati lile lilikuwa mkononi mwangu. Nililipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta, nikapangusa vumbi, nikakausha maji paa lilipovuja, mpaka naolewa. Nimekwambia siku zote na nitaendelea kukwambia: kitu ni cha mtunzaji.

Babu yako alipofariki, siku ya kumaliza msiba wazee walikaa chini ya mkwaju kugawa. Mmoja akataja Sheria za Mila zilizotangazwa mwaka 1963, zile zilizowapanga warithi katika madaraja matatu: mtoto wa kwanza wa kiume juu, wanaume wengine wakafuata, mabinti daraja la tatu. Ng'ombe wakagawiwa, shamba likagawiwa, kabati likaenda kwa mjomba wako mkubwa. Mimi nilikuwa jikoni napakua ugali. Aliponiona, mzee mwingine akasema, tena kwa upole, "Huyu ana kwake." Ndivyo lilivyokwisha. Hakuna aliyeuliza nani amekuwa akilitunza.

Miaka ikapita. Nilipokwenda Dar es Salaam kwenye sendofu ya binamu yako, nililikuta uani kwa mjomba, kwenye kibanda cha mkaa. Milango imetolewa. Rafu zimejaa makopo ya rangi na nusu mfuko wa simenti iliyokwisha kuganda. Nikainama nikavuta droo ya chini. Ikatoka laini, mwanangu, baada ya miaka yote ile na mkaa wote ule, ikatoka bila kukwama. Nikaingiza mkono nyuma, nikakigusa kipande changu, na kwa mwanga wa mlangoni namba zilikuwa zinasomeka. Sikukitoa. Kabati halikuwa langu. Nikarudi ndani nikacheza na wenzangu kwenye sherehe, na kwenye basi la kurudi nililia kuanzia Chalinze mpaka Gairo.

Mjomba wako, Mungu amrehemu, sitaki umfikirie vibaya. Alikuwa amepanga nyumba ya watu, mlango wake ulikuwa mwembamba na kabati lilikuwa zima, halifunguki vipande, kwa hiyo halikuingia ndani hata siku moja. Angelifanya nini? Na mkewe angejuaje? Kwake lilikuwa kabati kuukuu lililokuja na lori. Hakuna aliyemsimulia habari ya mizani wala ya mzee wa Kinyamwezi. Nikifika hapo namsamehe. Halafu nakumbuka makopo ya rangi, na nasema hapana, hata usiposimuliwa, mbao ile ilikuwa inajieleza yenyewe kwa mwenye macho. Halafu naona tena kwamba alipewa kitu ambacho hakuwahi hata kukipangusa, na mtu akipewa hivyo huwezi kumlaumu sana. Kitu ni cha mtunzaji.

Angalia kigoda cha bibi. Kile cha miguu mitatu, kilichochongwa kwenye gogo moja, hakina gundi wala msumari. Kilitoka kwenye tembe la zamani wakati wa Operesheni Dodoma, mwaka 1971, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa na kubeba walichoweza kubeba. Leo kipo kwa mama yako mdogo, Kongwa. Nani alimpa? Hakuna. Alikikalia tangu mdogo akikoroga mlenda karibu na bibi, na bibi alipoondoka kila mtu alijua. Utasema kigoda ni kitu kidogo, nani akigombanie. Ni kweli, na hilo nimelifikiria. Lakini hata nisipokuwa na jibu kamili, nimeona kwa macho kipi kimefika na kipi hakikufika.

Ndiyo maana swali lako nalirudisha kwako. Usiniulize mninga au maboksi. Niambie nani atalitunza. Neema ana miaka tisa, mpe kitambaa na nta tuone kama mkono wake unakaa. Kama ni mdogo wake ndiye mwenye mkono huo, awe yeye, wala asisubiri kuwa wa pili kwa sababu ya kuzaliwa. Na mkishamjua, mwandikeni, wewe na mkwe wangu, mbele ya mashahidi, wazee wasije wakakaa chini ya mkwaju wakamtafutia daraja. Mwambieni fundi kabati liwe la vipande viwili, la juu na la chini, lifunguke na kufungwa, kwa sababu hamjui mtoto wenu atakuja kupanga nyumba yenye mlango wa namna gani. Kama fundi atakubali kupima ukavu kwa mizani, na wenye akili watakubali, kipande apewe mtoto akipeleke dukani.

Baba yako ananiambia nimalize kwa kusema mnunue nini, karatasi inakwisha. Nimejizuia ukurasa mzima. Nyumba ni ya wawili na sijaona kwenye ujumbe wako mkwe wangu amesemaje. Labda yeye anaona hela hiyo bora iezeke vyumba vya nyuma, na akisema hivyo atakuwa na haki yake. Mkichukua ya maboksi sitanuna, nitakuja nitakaa juu yake nitakunywa chai. Ningeweza kusema zaidi, na wewe unanijua ningesema nini, lakini sisemi.

Ila mkiamua fundi, msimpe hela ya kuanzia kabla sijafika. Nipigie siku mbili kabla, nitapanda basi la asubuhi. Nitumie pia vipimo vya milango yote ya nyumba, na wa jikoni usiusahau.

Baba yako anakusalimu, anasema mbegu za alizeti alizopewa na mkwe zimeota vizuri. Wabusu wajukuu zangu.

Mama yako